Mzoga, Mshale, Wavu au Kamera: Njia Ipi Itatuambia Sumu Imewafanyia Nini Pomboo na Nyangumi?

Mnamo Januari 2016 orka (nyangumi muuaji) jike aliyefahamika kwa jina la Lulu alikutwa amekufa katika ufukwe wa kisiwa cha Tiree, magharibi mwa Uskoti, akiwa na majeraha ya kunaswa na kamba za uvuvi. Kamba zilieleza kifo chake. Hazikueleza maisha yake. Shahamu yake ilipopimwa maabara ilikutwa na miligramu 957 za PCB, kemikali za viwandani zilizokwisha kupigwa marufuku, katika kila kilo ya mafuta, ilhali kiwango ambacho watafiti wengi hukichukua kuwa mwanzo wa madhara kwa wanyama hawa ni kati ya miligramu 9 na 17, na hata kile cha juu, kilichohusishwa na ugumba wa sili wa Bahari ya Baltiki, ni 41. Alikuwa na umri usiopungua miaka 20, umri ambao orka jike hutarajiwa awe ameshazaa, lakini ovari zake hazikuwa na dalili yoyote ya kuwahi kufanya kazi. Kundi lake, lenye wanyama wasiofika kumi, lilikuwa limefuatiliwa kwa zaidi ya miongo miwili bila kuonekana na ndama hata mmoja.

Ukiichunguza habari hiyo ya mnyama mmoja utaona kwamba imetoka mahali patatu. Namba 957 imetoka kwenye mashine ya maabara. Hali ya ovari ilijulikana kwa kuwa mtu aliupasua mzoga ukiwa bado na viungo vinavyotambulika. Jina lake, na habari kwamba wenzake hawazai, vimetoka kwenye maktaba ya picha zilizokusanywa mwaka baada ya mwaka. Namba peke yake ingetisha tu.

Makala haya yanalinganisha njia nne zinazotumika kupima athari za uchafuzi wa kemikali kwa pomboo na nyangumi, kwa ajili ya msomaji anayetakiwa kuchagua: mwanafunzi wa uzamili, taasisi ya utafiti, kikundi cha hifadhi ya bahari au ofisi ya serikali katika pwani yetu ambayo fedha zake hazitoshi kwa njia zote nne. Njia hizo ni kuchunguza mizoga, kuchukua kipande cha ngozi na shahamu kwa mshale, kuwakamata wanyama kwa wavu na kuwaachia baada ya kuwapima, na kuwafuatilia kwa kamera miaka mingi.

Unapima sumu au unapima madhara?

Kosa linalogharimu zaidi katika kazi hii ni kukichukua kiasi cha sumu kana kwamba ndicho kiasi cha madhara. PCB, DDT na kemikali za aina hiyo huyeyuka katika mafuta, na pomboo ni mnyama aliyefunikwa na mafuta mwili mzima. Kuzikuta katika shahamu yake ni kama kukuta chumvi kwenye mbao za ngalawa. Kinachotafutwa ni kama kinga yake ya mwili imedhoofika, kama anazaa, kama ndama wake huishi, na kama kundi linapungua kwa sababu hiyo. Hakuna mashine moja inayopima hayo yote.

Tena kiasi chenyewe hudanganya. Pomboo dume hulimbikiza sumu tangu kuzaliwa hadi kufa, wakati jike huitua kwa watoto wake, hasa yule wa kwanza, kupitia maziwa yake mazito yenye mafuta mengi. Kwa sababu hiyo jike aliyezaa mara nne huweza kuwa na sumu kidogo kuliko mwanawe wa miaka mitatu, na mtu asiyejua umri wake wala historia yake ya uzazi atazisoma namba hizo kinyume. Jike mzima mwenye sumu nyingi kama ya dume ni ishara mbaya, kwa kuwa huenda hajawahi kunyonyesha. Lakini hapo swali lenyewe hugeuka, kwamba je, sumu ndiyo iliyomnyima uzazi, au kukosa uzazi ndiko kulikomwachia sumu? Lulu mwenyewe hajibu swali hilo. Mnyama aliyekonda naye huleta utata wake, kwa sababu mafuta yanapopungua, sumu iliyokuwa ndani yake hubaki katika mafuta machache na kipimo hupanda bila mnyama kumeza tone jipya.

Jibu la moja kwa moja lingepatikana kwa kuwalisha wanyama sumu na kuwatazama, jambo lisilowezekana kwa nyangumi. Kwa sili liliwahi kufanywa: mwaka 1986 Mholanzi Peter Reijnders alichapisha matokeo ya makundi mawili yenye majike 12 kila moja, moja likilishwa samaki wa Bahari ya Wadden iliyochafuka na jingine samaki wa Atlantiki, na lile la kwanza likazaa watoto wachache zaidi. Sisi tulio na pomboo hatuna budi kutumia wale ambao bahari yenyewe imekwisha kuwalisha. Ndiyo maana kigezo changu kikuu katika ulinganisho huu ni kimoja: baada ya kutumia njia fulani, utamjua mnyama kwa kiasi gani, yaani umri wake, jinsia yake, uzazi wake, afya yake na, akiwa amekufa, kilichomuua?

Mzoga

Kwa kigezo hicho mzoga mbichi hauna mshindani. Jino lake likikatwa wembamba na kutiwa rangi huonyesha mistari inayohesabika kama ya shina la mti, na kwa pomboo wengi mstari mmoja ni mwaka mmoja. Ovari hubeba makovu ya mayai yaliyopevuka. Mapafu, ini, tezi na tumbo viko wazi mbele ya mpasuaji, na shahamu inaweza kuchukuliwa kuanzia ngozi hadi kwenye nyama, tabaka zote.

Uingereza ndiyo iliyoonyesha namna ya kuitumia hazina hiyo. Tangu 1990 nchi hiyo ina mpango wa kitaifa wa kukusanya mizoga ya jamii ya nyangumi, na katika mizoga hiyo wamo wengi wa wale pomboo wadogo wenye pua butu wa bahari za kaskazini. Watafiti waligawanya mizoga yao makundi mawili: waliokufa kwa maradhi ya kuambukiza, na waliokufa kwa ajali, wengi wao wakiwa wamenaswa nyavuni. Wa pili ndio waliotumika kama kundi la kulinganishia, kwa kuwa pomboo aliyezama wavuni kwa kawaida alikuwa mzima asubuhi ya siku hiyo. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta kwamba kila PCB inapoongezeka kwa miligramu moja katika kilo ya mafuta, hatari ya kufa kwa maradhi hupanda kwa wastani wa asilimia 2. Uchunguzi mwingine wa 2015, uliotazama majike waliopevuka, ulikuta kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa na ushahidi wa uzazi ulioharibika, kama mimba kutoka au ndama kufia tumboni.

Katika Mto Saint Lawrence nchini Kanada, mizoga ya beluga, nyangumi weupe wanaoishi upande wa chini wa mto kutoka viwanda vya alumini vya Saguenay, ilionyesha kitu ambacho hakuna njia nyingine ingekionyesha. Kati ya wanyama waliokomaa waliopasuliwa kuanzia 1983 hadi 1999, asilimia 27 walikuwa na saratani, kiwango kisichosikika kwa wanyamapori. Lakini sehemu inayonivutia zaidi ilikuja baadaye, mizoga ilipokwisha kukusanywa kwa miaka 30: hakukuwa na saratani hata moja kwa beluga aliyezaliwa baada ya 1971, kipindi ambacho udhibiti wa kemikali za viwandani ulianza kukaza. Utambuzi huo usingewezekana kama kila mzoga haukuwa na umri, na umri ulitoka kwenye meno. Jino ni kitu cha kung'olewa kwa koleo, cha kuwekwa kwenye bahasha, na wengi hulisahau.

Udhaifu wa mzoga ni wa aina mbili. Kwanza, wanyama wanaokwama ufukweni si sampuli ya haki ya walio baharini. Wamejaa wagonjwa, wazee na watoto, wengi wamekonda, na kwa hiyo vipimo vyao vya sumu huelekea juu. Pili ni joto letu. Shahamu ni blanketi, na mwili wa nyangumi aliyekufa hauwezi kupoa, hivyo viungo vya ndani hujipika vyenyewe wakati ngozi bado inang'aa. Katika jua la Tanga au Malindi mpasuaji ana saa chache tu kabla ya mapafu na ini kuwa uji usiosomeka kwa darubini. PCB haiozi, kwa hiyo shahamu ya mzoga wa siku tatu bado hutoa namba. Kinachopotea ni madhara, yaani kitu chenyewe tulichokuwa tukikitafuta.

Hapa ndipo pwani ya Afrika Mashariki ina nafasi yake, ingawa ni nafasi ya kusikitisha. Mizoga yetu mingi haiji na mawimbi, huja na jarife. Pomboo aliyenaswa usiku hufikishwa dikoni alfajiri akiwa bado mbichi, na kama nilivyosema, huyo huwa mzima aliyekufa kwa ajali. Utafiti uliochapishwa 2010 na wanasayansi wa Tanzania na Sweden ulitumia shahamu ya pomboo wa Zanzibar, aina ya Tursiops aduncus (pomboo wa pua ya chupa) na pomboo warukaji wanaojizungusha angani, na matokeo yake yanapaswa kusomwa na kila anayetaka kuanza kazi hii. Viuatilifu vya klorini vilikuwepo, lakini kwa viwango vya chini kuliko vilivyoripotiwa katika maeneo mengine. PCB za viwandani zilikuwa chembechembe tu. Kilichozidi vyote ni kemikali zenye bromini ambazo zinadhaniwa kutengenezwa na viumbe vya baharini vyenyewe, na viwango vyake vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa duniani wakati ule.

Maana ya hilo kwa mwenye kuchagua ni nzito. Kemikali hizo za asili zina undugu wa karibu na dawa zinazotiwa kwenye magodoro na vifaa vya umeme ili visishike moto upesi. Maabara isiyo na uwezo wa kuzitenganisha itakuletea taarifa kwamba pomboo wa Zanzibar wamejaa taka za viwanda, na wewe utaichapisha. Kwa hiyo swali la kuuliza maabara kabla ya kulipa si bei ya kila sampuli peke yake, bali ni orodha ya kemikali wanazoweza kuzitofautisha.

Tukio la Nungwi la Aprili 2006 nalo linafundisha. Pomboo karibu 400 walikutwa wamekufa kaskazini mwa Unguja, na minong'ono ya sumu ilianza siku ileile. Matumbo yaliyochunguzwa yalikuwa karibu matupu, jambo lililodhoofisha dhana kwamba walikuwa wamekula kitu chenye sumu. Hilo ni jibu la kisu, lililopatikana bila mashine ya gharama kubwa. Ni mara chache sumu inayosingiziwa siku ya kwanza huwa ndiyo, na kuweza kusema kwa ushahidi kwamba siyo ni sehemu ya kazi yetu.

Mshale

Njia ya pili humwendea mnyama aliye hai. Mtafiti husimama sehemu ya mbele ya boti akiwa na upinde wa kufyatua au bunduki ya hewa, na mshale wake una ncha iliyo tupu ndani, mfano wa bomba fupi lenye makali. Mshale hugonga ubavu chini ya pezi la mgongoni, hukata kipande kisichozidi ukubwa wa kifutio cha penseli, hurudi nyuma kwa nguvu ya mpira uliofungwa shingoni mwake, na huelea ukisubiri kuokotwa. Pomboo hushtuka, huzama, na mara nyingi baada ya dakika chache hurejea alichokuwa akikifanya. Kidonda hufunga ndani ya wiki kadhaa. Hata hivyo njia hii si salama kabisa: mwaka 2000 iliripotiwa katika Bahari ya Mediterania kwamba pomboo alikufa baada ya mshale kubaki mwilini mwake, na anayeomba kibali anapaswa kuliandika hilo mwenyewe kabla hajaulizwa.

Kipande hicho kidogo kina habari nyingi. Ngozi hutoa vinasaba, ambavyo hueleza jinsia na, kwa mbinu za karibuni, umri wa kukisia. Katika ngozi hiyohiyo hupimwa kimeng'enya kinachoitwa CYP1A1, ambacho mwili hukizalisha unapopambana na kemikali za jamii ya dioksini na masizi ya mafuta. Watafiti wa Italia wamekitumia kwa miaka mingi kwa nyangumi na pomboo wa Mediterania. Shahamu hutoa kiasi cha sumu pamoja na homoni ya projesteroni, inayotambulisha jike mwenye mimba. Kwa hiyo mshale, tofauti na wengi wanavyodhani, haupimi sumu peke yake. Unagusa pia hatua ya kwanza ya madhara, pale mwili unapoanza kuitikia.

Ukilinganisha na mzoga, faida yake kubwa ni haki ya sampuli. Unachagua mwenyewe nani apimwe, wangapi na lini, na wote ni wanyama walio hai na wanaojimudu. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2016, ambao ulionyesha kwamba orka na aina kadhaa za pomboo wa huko bado wana viwango vya PCB vya kudhuru miongo kadhaa baada ya kemikali hizo kupigwa marufuku, ulichanganya wanyama 929 waliokwama na 152 waliopigwa mshale. Bila hao 152 ingekuwa rahisi kusema kwamba hiyo ni sumu ya wagonjwa.

Upungufu wake uko katika kina, na nasema hivyo kwa maana halisi ya neno. Mshale hufikia tabaka la juu la shahamu tu, wakati tabaka la ndani ndilo linalotumika kwanza mnyama anapokosa chakula, na tabaka hizo mbili hazibebi sumu kwa kiasi kilekile. Kwa nyangumi wenye nundu wanaopita kwetu kuanzia Julai hadi Oktoba jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu hutoka Antaktika wakiwa wameshiba na huishi huku kwa akiba ya mwilini. Mnyama aliyepigwa mshale Julai na yule wa Oktoba hawalinganishiki, hata akiwa ni huyohuyo mmoja. Tena sumu anayoibeba ni ya bahari ya kusini anakolisha zaidi kuliko ya kwetu. Ukitaka kujua hali ya maji ya Unguja, mpime pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa hicho, usimpime mgeni.

Wavu

Njia ya tatu ndiyo kamili kuliko zote na ndiyo ninayoshauri isijaribiwe kwetu kwa sasa. Huko Sarasota, Florida, pomboo wamefuatiliwa tangu 1970, na kwa vipindi huzungushiwa wavu katika maji ya kina kifupi, hushikwa na watu waliosimama majini, hupimwa urefu na uzito, hutolewa damu, mapafu yao hutazamwa kwa altrasaundi, kisha huachiwa. Kinachopatikana ni faili la mgonjwa kama la hospitali, na mgonjwa mwenyewe akiwa na mama, bibi na watoto wanaojulikana.

Thamani yake ilionekana baada ya mlipuko wa mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010. Pomboo 32 wa Ghuba ya Barataria, Louisiana, eneo lililojaa mafuta, walikamatwa na kupimwa Agosti 2011, na wale wa Sarasota, ambako mafuta hayakufika, wakawa kundi la kulinganishia. Wa Barataria walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuwa na ugonjwa wa mapafu wa kadiri hadi mkali, homoni za tezi zao za adrenali zilikuwa chini isivyo kawaida, na karibu nusu yao madaktari hawakuwa na matumaini mazuri nao. Katika majike 10 waliokuwa na mimba, ni asilimia 20 tu waliopata ndama walioishi, wakati huko Sarasota ilikuwa imeripotiwa asilimia 83. Hakuna mzoga wala mshale ambao ungetoa picha hiyo.

Lakini gharama yake ni kundi kubwa la madaktari wa mifugo, boti kadhaa, vifaa vya hospitali na hatari ya kumuua mnyama kwa mshtuko. Pomboo wa kusini mwa Unguja walikadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa chini ya 200, na pomboo wenye nundu wa hapohapo wakiwa wachache zaidi. Kumpoteza mmoja mezani ni hasara ambayo data haiilipi.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika Barataria inapotajwa: watafiti walilazimika kuazima Sarasota kwa kuwa hawakuwa na vipimo vya namna hiyo vya Barataria yenyewe kabla ya mafuta kumwagika, na mabishano ya mahakamani kuhusu ajali kama ile hupenda kukaa papo hapo, kwamba huenda wanyama hao walikuwa wagonjwa tangu zamani.

Kamera

Njia ya nne ni ya bei ndogo na ya subira kubwa. Kingo za pezi la mgongoni la pomboo huwa na mipasuko na makovu yanayodumu, na mtu mwenye kamera nzuri na daftari huweza kuwatambua wanyama mmojammoja kwa miaka. Kamera haioni sumu hata kidogo. Inachoona ni matokeo ya mwisho kabisa, ambayo njia nyingine tatu huyakisia tu: nani yupo, nani hayupo, nani ana ndama, na ndama wa mwaka jana ameishi au hakuishi.

Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipopasuka huko Alaska tarehe 24 Machi 1989, orka wa Prince William Sound walikuwa tayari wana majina kwenye albamu. Wapiga picha waliwaona wakiogelea ndani ya mafuta. Kundi liitwalo AT1 lilikuwa na wanyama 22. Likapoteza 9, na tangu hapo halijapata ndama. Kundi la AB lilikuwa na 36, na hadi mwaka uliofuata lilikuwa limepoteza 14. Mizoga haikupatikana kwa uchunguzi, kwa hiyo kampuni zingeweza kusema, na watu walisema, kwamba kupotea wakati mmoja na mafuta si kuuawa na mafuta. Huo ndio udhaifu wa kamera, nao ni wa kweli. Lakini bila albamu ile kusingekuwa na mjadala wowote, kwa sababu hakuna ambaye angejua kwamba kuna waliopungua.

Ukiweka kamera kando ya mshale utaona kwamba zinasaidiana kuliko mbili nyingine zozote. Mshale unaopigwa kwa mnyama mwenye jina kwenye albamu hutoa kipimo cha sumu chenye historia: huyu ni jike, amezaa mara tatu, wawili waliishi. Mshale unaopigwa kwa mgeni hutoa namba.

Zipo pia njia za pembeni, ambazo nazitaja kwa ufupi. Seli za ngozi huweza kukuzwa maabara na kutiwa kemikali, jambo linaloonyesha namna sumu inavyofanya kazi lakini si kama inafanya hivyo baharini. Pumzi ya nyangumi hunaswa kwa droni na kupimwa homoni. Nta ya sikio la nyangumi wa buluu aliyegongwa na meli huko California mwaka 2007, yenye urefu wa sentimita 25 hivi, ilisomwa tabaka kwa tabaka na kutoa historia ya sumu na homoni zake tangu alipokuwa akinyonya. Ni kazi nzuri mno, lakini si jambo la kulipangia bajeti, kwa kuwa nyangumi huyo humngojei, anatokea tu. Vielelezo vya hesabu vya kompyuta navyo vinatumika: kimoja cha 2018 kilitabiri kwamba zaidi ya nusu ya makundi ya orka duniani yatadhoofika sana kwa sababu ya PCB ndani ya miaka 100. Kielelezo ni kizuri kama data kilicholishwa, na data ya Bahari ya Hindi magharibi ni haba.

Uchague ipi?

Kama wewe ni kikundi cha jamii au kamati ya wavuvi, anzeni na kamera na diko. Hamhitaji maabara mwaka wa kwanza. Mnahitaji maelewano na wavuvi wa jarife kwamba pomboo aliyenaswa ataletwa bila kufichwa na bila mtu kukamatwa kwa kumleta. Hofu ya mashtaka ndiyo huzamisha sampuli nyingi baharini kabla jua halijachomoza. Fahamuni pia kwamba zamani huko Kizimkazi pomboo walivuliwa kwa makusudi ili wawe chambo cha papa, na mafuta ya wanyama kama hao yamekuwa yakipakwa vyombo, kwa hiyo mzee anayewatazama kwa mashaka ana sababu zake.

Kama wewe ni mwanafunzi mwenye miaka miwili au mitatu, chukua mizoga ya jarifeni na uache mshale. Wanyama 20 wenye meno, ovari na shahamu ya tabaka zote watakupa tasnifu yenye maana kuliko vipande 40 vya ngozi za wasiojulikana. Anza kufuatilia vibali siku ya kwanza, kwa sababu aina zote za nyangumi na pomboo ziko katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na sampuli itakayopelekwa maabara ya nje haitavuka mpaka bila karatasi zake. Wapo walioandika tasnifu nzima sampuli zikiwa bado kwenye friza.

Kama wewe ni taasisi yenye boti na albamu iliyokwisha kukomaa, ndipo mshale unastahili fedha yako, tena upigwe kwa walio na majina tu, na katika msimu uleule kila mwaka.

Na kama wewe ni mamlaka inayosimamia mradi wa mafuta, kesi yako ni tofauti na ya wote hao. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, lenye kilomita 1,443, linaishia kwenye maji ya Tanga wanamoishi pomboo. Wewe hutafuti sumu ya jana. Unahitaji hali ya awali, itakayosimama mbele ya hakimu iwapo meli itapasuka. Hapo sina kigugumizi: kamera na mshale kwa pamoja, kabla ya meli ya kwanza kupakia, na si baada. Ajali ya meli ya Wakashio, iliyomwaga mafuta huko Mauritius mwaka 2020, ilifuatwa na kukwama kwa pomboo wengi wiki chache baadaye, na ubishi juu ya kilichowaua ulikuwa mkali kuliko ushahidi.

Lolote utakalochagua, kipande cha shahamu kichukuliwe kwa kisu cha chuma kisicho kutu, kifungwe kwenye foili na si kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki nayo hutoa kemikali zake na zitaonekana kwenye kipimo kana kwamba ni za pomboo. Kipande kingine cha kila kiungo kitiwe formalini kwa ajili ya darubini. Cha foili kigandishwe siku hiyohiyo, na kisipimwe chote. Nusu ibaki, kwa sababu kemikali tutakazozihofia baada ya miaka 20 bado hatuzijui majina. Lebo iandikwe kwa penseli, kwani wino hufutika kwa maji na mafuta: tarehe, mahali, jinsia, urefu, sehemu ya mwili ilipokatwa, na kama mnyama ana picha ya pezi, namba yake kwenye albamu.